Mtani wa Kubeba Hofu

Hofu ikitolewa kifuani mwa mtu na kuingizwa kifuani mwa mwingine, inabaki kuwa ya nani?

Hilo ndilo nililojiuliza. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kitanda cha chumba cha maandalizi katika Hospitali ya Upeo, nimevaa gauni la kijani linalofungwa kwa kamba mgongoni, na mbele ya pua yangu palikuwa na viatu vya Shangazi Namkunda.

"Nakijwa, toka huko."

"Natafuta hereni, Shangazi."

"Hereni ulizivua nyumbani. Nimezifunga mwenyewe kwenye leso."

Nikatafakari kidogo. "Basi natafuta utulivu wa nafsi."

"Utautafutia juu ya kitanda. Mtu mzima wa chuo kikuu, sakafuni kama ufagio!"

Nilitoka kwa kurudi nyuma, jambo ambalo halishauriwi kwa mtu aliyevaa gauni la aina ile. Shangazi akanifunika haraka kwa khanga yake, akanikalisha kitandani, naye akakaa kando yangu akiwa amekumbatia hotipoti ya makande kana kwamba nayo ilikuwa imelazwa.

Ninasoma uhandisi wa vifaa vya tiba. Naweza kueleza, bila kuangalia popote, namna mashine iitwayo Jicho inavyoupiga mwili picha kwa tabaka nyembamba kuliko karatasi, na kwa nini mgonjwa lazima atiwe dawa ya kung'arisha mishipani kabla ya picha, ili figo na vyote vilivyoizunguka viwake kama taa. Ninachoshindwa ni mlango ambao dawa hiyo hupitia. Katika zama zetu mtama umeoteshwa mwezini na barabara zinajiziba mashimo zenyewe, lakini dawa ya kung'arisha bado inaingia kwa sindano. Nimeshaandika insha ndefu kuhusu aibu hiyo ya sayansi. Nilipata alama nzuri, na sindano ikabaki palepale.

Mara ya kwanza nilipoletwa kupigwa picha nilikimbia. Nilikimbia na gauni hilihili hadi soko la ndizi, ambako watu walinipisha kwa heshima kubwa wakidhani nina kitu cha kuambukiza. Daktari hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba bila picha hawezi kujua kama uvimbe ulio juu ya figo yangu ya kushoto ni wa kuachwa au wa kukatwa, na kwamba kubahatisha si kazi aliyoisomea. Sasa Jicho, ambalo huzungushwa mkoa hadi mkoa, lilikuwa linafungashwa jioni ya siku hiyo. Lingerudi baada ya masika. Uvimbe haukuwa umeahidi kusubiri masika.

Ndiyo maana Shangazi alikuwa ameniombea Kihamishi.

*

Wazazi wetu waliamini kwamba hofu ni wazo. Kizazi chetu kiligundua kwamba hofu ni kitu: kina kipimo, kina mkondo, na kinaweza kuvutwa kutoka ubongo mmoja kwenda mwingine kwa kofia mbili zilizounganishwa kwa waya kwenye mashine iitwayo Kihamishi. Jambo moja tu haliwezekani. Hofu haiangamizwi. Ikitoka hapa, lazima ipate pa kukaa.

Wavumbuzi walijaribu kwanza kuihifadhi ndani ya kompyuta, na kompyuta ile ikaanza kuomba izimwe. Wakaihamishia kwa mbuzi. Mbuzi alipanda juu ya paa la maabara na akakataa kushuka, hata alipoonyeshwa majani ya viazi. Wakaja kwa wanadamu. Mama mzazi alipobebeshwa hofu ya mwanawe, aliirudisha ikiwa imeongezeka maradufu, kwa sababu aliichanganya na ya kwake. Wanandoa waligombana kuhusu nani alianza kuogopa.

Hatimaye mtu mmoja akakumbuka watani. Mpare na Mchaga hutaniana maisha yao yote. Kila mmoja humwambia mwenzake maneno ambayo mtu mwingine angeyapeleka polisi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kwenye msiba mtani hulizuia jeneza mlangoni mpaka apewe chochote, na wafiwa wanaolia hujikuta wanacheka. Vipimo vikathibitisha kile ambacho mababu walikijua bila vipimo: hofu ya mgonjwa ikiingia kwa mtani, humkuta anacheka, na hunyong'onyea humohumo. Tangu hapo kila hospitali kubwa ina Kitengo cha Watani. Nilipoisoma nadharia hiyo mwaka wa kwanza nilitokwa na machozi ya fahari. Hatimaye, nilijiambia, kitu chetu wenyewe kimewekwa katikati ya mashine.

*

"Hodi! Nimeambiwa humu mna Mpare anayekimbia kitu ambacho hakiwezi hata kushona shuka!"

Aliyeingia alikuwa mama mrefu, mpana wa mabega, aliyevaa kitenge cha zambarau na kilemba kilichouzidi mlango. Nyuma yake alifuata Bwana Shekilindi, mtaalamu wa picha, kijana mwembamba wa Lushoto mwenye sauti ya msoma taarifa ya habari, akisukuma meza ya magurudumu iliyobeba Kihamishi na trei ya vifaa.

"Huyu ni Mama Ndeanasia Temu," alisema Bwana Shekilindi. "Ni mbebaji wetu mwandamizi."

"Karibu, mtani," alisema Shangazi bila kuinuka. "Nilidhani umeshapanda kwenu kula Krismasi."

"Mtani, huu ni mwezi wa kumi."

"Ndiyo, najua. Wachaga wenye aibu ndio huondoka wa kumi na moja."

Mama Ndeanasia alicheka mpaka kilemba kikatikisika. Kisha akanusa. "Na hii harufu ni ya nini? Makande? Mmekuja hospitalini na makande? Mnataka yapigwe picha nayo, yawe ushahidi mahakamani?"

"Wewe hutaonja hata mbegu."

"Nikionja nitapewa hati ya kuitwa shaurini! Nawajua nyie Wapare na kesi zenu." Akanigeukia, akanishika kidevu kwa mkono mkubwa wenye joto. "Haya, binti wa Kipare. Unaogopa nini? Damu? Nusu ya wagonjwa wa Same wamewekewa damu yangu. Ndiyo maana siku hizi Wapare mmeanza kuchangamka."

Hayo hayakuwa majigambo matupu. Mama Ndeanasia alikuwa mchangia damu maarufu kuliko wote katika kanda. Picha yake ilitundikwa kwenye korido ya benki ya damu, mkono umenyooshwa, anatabasamu kama bibi harusi.

Bwana Shekilindi akakohoa. "Kwa mujibu wa mwongozo, nauliza mbele ya pande zote mbili. Mama Ndeanasia, je, uko tayari kubeba hofu ya mtani wako kwa hiari, bila kushurutishwa?"

"Hofu ya Mpare? Hiyo si mzigo! Watu hawa hata hofu wanaitoa kwa kijiko cha chai."

"Naomba jibu liwe ndiyo au hapana."

"Ndiyo, mwanangu. Na ni ndiyo ya Kichaga, haina rufaa."

Tukavishwa kofia. Bwana Shekilindi akaeleza kwamba tungeanza na jaribio fupi, ili mashine ijifunze umbo la hofu yangu, kisha angeirudisha kwangu, na uhamisho kamili ungefanyika Jicho likishapata joto. Akabonyeza kitufe.

Sijui nilinganishe na nini. Ilikuwa kana kwamba mtu aliyekuwa akinipigia tarumbeta sikioni tangu utotoni ameombwa kwa adabu atoke nje. Nikaitazama trei. Pale juu ya kitambaa cheupe palikuwa na sindano, na nikaiona kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo: kibomba chembamba cha chuma, ncha yake imekatwa mshazari kwa ustadi wa kupendeza. Nikauliza upana wa tundu lake. Nikauliza imenolewa kwa mashine gani. Nikaomba kuishika.

"Bwana asifiwe," akanong'ona Shangazi.

Mama Ndeanasia aliendelea kutania. Alisema hofu yangu ina ladha ya makande yasiyo na chumvi. Alisema sasa anaelewa kwa nini Wapare tunaishi milimani: tunaogopa tambarare. Alicheka kwa sauti iliyopanda juu kila mara, na mikono yake, niliona, alikuwa ameiingiza yote miwili ndani ya kitenge.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa kidogo, na muuguzi wa benki ya damu akachungulia.

"Mama Ndeanasia, kumbe upo! Tunakutafuta. Akiba ya kundi lako inapungua, na wiki hii kuna upasuaji."

"Leo siwezi, mwanangu. Nimekunywa chai ya rangi. Damu itakuwa nyepesi."

"Chai ya rangi haina shida, mama."

"Yangu ilikuwa kali."

"Na ile siku nyingine uliniambia umelalia mkono vibaya."

"Mkono wa Mchaga una kazi nyingi, lazima uchoke. Nenda, nenda, tuna mgonjwa hapa."

Muuguzi alibaki mlangoni kidogo, akamtazama kama mtu anayemtazama jirani aliyebadilisha dini. "Huyu mama," akasema kwa sauti ya chini, pengine kwangu, pengine kwa mlango, "zamani alikuwa anafika kabla hatujamwita." Akaondoka.

Mtu asiye na hofu husikia vizuri sana. Kisingizio cha chai ya rangi nilikijua. Nilikitumia sekondari, kwa matroni wetu, siku ya chanjo. Kile cha mkono uliolaliwa vibaya nilikitumia pia. Visingizio ni kama mwandiko, na mwandiko ule haukuwa wa mama aliyetundikwa ukutani akiwa amenyoosha mkono. Ulikuwa mwandiko wa watu kama mimi.

"Jaribio limekamilika," alisema Bwana Shekilindi. "Narudisha."

Tarumbeta likarudi, na mpigaji wake alikuwa amepumzika vya kutosha. Trei ikawa trei ya zamani, yenye jino lake. Nilishika ukingo wa kitanda, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikatazama upande mwingine. Taa ya kijani ilikuwa imewaka, kumaanisha kwamba hofu yangu yote imerudi kwa mwenyewe.

Mikono ya Mama Ndeanasia ilikuwa bado ndani ya kitenge.

*

"Bwana Shekilindi," nikasema, "hofu ikirudishwa, inarudi yote?"

"Yote inayopimika, dada. Hubaki masalia kidogo sana. Yanayeyuka kwa kicheko ndani ya siku chache."

"Nani alisema yanayeyuka?"

"Utafiti."

"Utafiti ulimuuliza nani?"

"Wabebaji wenyewe. Waliulizwa kama wanajisikia vizuri, na wote, bila hata mmoja kukosa, walisema ndiyo."

"Waliulizwa mbele ya nani?"

Bwana Shekilindi alifungua mdomo kwa ile sauti yake ya habari, akaufunga, kisha akajibu kwa sauti ya kawaida ambayo sikuwa nimeisikia kabla. "Mbele ya watani wao. Ndivyo mwongozo unavyotaka. Pande zote mbili ziwepo."

Sote tulikuwa watu wazima tuliokulia katika utani, isipokuwa Bwana Shekilindi, ambaye hana utani na Wachaga, na ambaye kwa hiyo aliweza kuutumia mwongozo ule kwa moyo mweupe. Mchaga gani amewahi kusema mbele ya Mpare, "Hili limenishinda"? Angesema hivyo mara moja tu, na wajukuu wa wajukuu zake wangeendelea kusikia habari hiyo misibani. Waliotunga swali lile walijua kwamba mtani hucheka. Walisahau kwamba mtani hawezi kukataa.

"Mama Ndeanasia," nikasema, "umebakiwa na hofu za watu?"

"Mimi? Nimebakiwa na njaa, kwa sababu Wapare wameshika hotipoti kama hati ya shamba."

"Mama, nauliza kwa dhati."

"Mpare kuuliza kwa dhati ni mwanzo wa kesi. Nitafute wakili kwanza?"

Shangazi akacheka, maana ilikuwa haki yake kucheka. Kisha akaniona uso, akaacha. "Nakijwa," alisema, "huu si mdahalo wa chuo. Hapa pana figo. Mpe mwenzio hofu, upigwe picha, maswali utayauliza ukiwa umepona."

"Na yeye atazipeleka wapi?"

"Yeye ni mtani! Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mimi nimewazika Wachaga wangapi, nimelala mlangoni pao nimejipaka matope, nimechekesha wajane? Sikuulizwa kama nimechoka."

"Na ulikuwa umechoka, Shangazi?"

Shangazi aliitazama hotipoti. "Siku nyingine, ndiyo," akasema. Kisha, kwa ukali, kana kwamba nimemwibia kitu: "Lakini hilo si la kusemwa mbele ya huyu!"

"Nimesikia," akasema Mama Ndeanasia. "Mpare amechoka. Nitalitangaza mpaka Rombo."

Lakini alilisema taratibu, na hakucheka.

Bwana Shekilindi alisogea karibu yangu. Kusema haki, alikuwa mtu mwema aliyenaswa na mwongozo mbaya. "Dada, lazima nikwambie ukweli. Ukibaki na hofu yako, mishipa husinyaa. Nimeona kumbukumbu zako. Mkono wako ukiogopa hauonyeshi mshipa hata mmoja. Huenda nikakuchoma na kukosa, nikakuchoma tena. Huenda tukashindwa kabisa, na Jicho linaondoka jioni. Ukihamisha, ni mara moja tu, na utakuwa unaniuliza maswali kuhusu chuma."

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo langu kwa ukamilifu wake, na natamani ningelielewa nikiwa nimevaa nguo zinazofungwa mbele. Nikihamisha, picha itapatikana, uvimbe utajulikana, na nitaishi nikijua kwamba mama mmoja amepewa tone jingine la hofu isiyo yake, juu ya matone ya wengine, mpaka yamfikishe mahali ambapo mchangia damu anaikimbia benki ya damu. Kitandani wodini angelala mtu asiyenijua, akisubiri damu hiyo. Nisipohamisha, huenda nikaondoka bila picha. Na kulikuwa na jambo la tatu, lililoniumiza zaidi kwa sababu sikuwa nimelisoma popote: kumkatalia mtani asikubebee ni kumtukana tusi ambalo utani hauna dawa yake.

Mama Ndeanasia alilijua hilo kabla yangu. "Binti," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuniita Mpare, "usinifukuze kazi mbele ya shangazi yako."

Kofia ilikuwa bado kichwani mwangu. Ningeweza kusema ndiyo. Mwili wangu wote ulikuwa unasema ndiyo.

Badala yake nikaisogeza ile meza ya magurudumu, mimi mwenyewe, kwa ncha za vidole na uso nimeugeuzia ukutani, mpaka trei ikawa katikati yetu sisi wawili.

"Mama, sitakuuliza kitu tena," nikasema. "Weka tu mkono wako hapa, kando ya trei, na mimi nitaweka wangu. Wa kwanza kuuondoa ameshindwa."

Ilikuwa changamoto ya kiutani kabisa, na hakuna Mchaga duniani angeiacha ipite. Macho yake yakawaka. Bega lake likainuka. Kitenge kikacheza, kana kwamba ndani yake kuku alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Mkono wangu ulikuwa mezani tayari.

Mkono wake haukutoka.

"Mkono wa Mchaga," alisema Mama Ndeanasia, "haunyooshwi..." Akatafuta mwisho wa utani huo. Tulimsubiri. Bwana Shekilindi aliitazama taa ya kijani kana kwamba ilikuwa imemdanganya tangu siku aliyoajiriwa. Shangazi, aliyekuwa na haki ya kusema lolote, aliyekuwa na fursa ambayo ukoo wetu mzima wa Wasangi ungemwonea wivu, alifungua mdomo, akavuta pumzi, kisha akafunua hotipoti na kuanza kupakua makande kwenye kifuniko.

"Kula, mtani," alisema. "Umepauka."

Mama Ndeanasia alitoa mkono wa kulia, ule uliokuwa mbali na trei, akapokea kifuniko. Alitafuna kwa muda mrefu. "Hayana chumvi," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilisema mimi."

Kengele ya Jicho ikalia kwenye chumba cha pili: lilikuwa limepata joto.

Nikavua kofia. Nikainuka, na Shangazi akashika gauni langu kwa nyuma, kwa kuwa alinifahamu vya kutosha kujua kwamba nataka kuhutubia, na hotuba haipendezi mgongo ukiwa wazi. Sikuwa jasiri; nataka hilo lieleweke. Tarumbeta lilikuwa linapigwa kwa nguvu zake zote, na nililazimika kusema kwa sauti ili nijisikie mwenyewe.

"Sihamishi," nikasema. "Bwana Shekilindi, nataka kitambaa cha moto juu ya mkono, nataka maji ya kunywa, na nataka nilale kabisa ili nikizimia nisianguke. Uniambie kabla hujachoma. Ukiukosa mshipa wa kwanza, utafute wa pili. Nitalia, lakini sitauondoa mkono. Mama Ndeanasia, leo hubebi hofu ya mtu yeyote, na nitawaambia wakuu wa kitengo kwamba swali la hiari lisiulizwe tena mbele ya mtani, sitakutaja jina. Shangazi, tafadhali usiseme kitu mpaka niwe nimemaliza kuogopa. Mkono wenyewe ni huu wa kushoto. Twendeni."